Kuogelea ama Kuogopa

Juzi kocha mmoja kijana alinialika nikamtazame akifundisha. Ana saa shingoni, ana saa mkononi, na nyingine imetundikwa ukutani. Watoto wake walikuwa wanakwenda na kurudi ndani ya maji ya buluu bila sauti, kama sindano ya cherehani. Aliponiuliza nimeonaje, nilimwambia wana mikono mizuri. Kisha nikamwuliza, "Mara ya mwisho walicheka lini?"

Akatazama saa.

Basi haya ni yake, na yenu nyote mnaoamka alfajiri kuwatia watoto wa watu majini. Nimefundisha kuogelea tangu ujana wangu mpaka magoti yaliponikatalia ngazi za bwawa, na mengi ya kazi hii nimeyasahau. Garissa sijaisahau.

Kwanza mjue nilivyoipata kazi. Nilikuwa yaya Mombasa, kwa mama mmoja wa Kizungu ambaye kwao aliwahi kuwa bingwa wa kuogelea. Siku moja aliniona nimesimama kando ya bwawa nikiwalinda watoto wake, akaniuliza mmoja akizama nitafanya nini. Nikamwambia nitapiga kelele. Kesho yake akaanza kunifundisha. Alikuwa mkali kama siki. Kanuni yake ilikuwa moja: anayecheka majini hunywa maji. Aliporudi kwao aliniachia filimbi yake ya chuma, na mimi nikaivaa shingoni kama wenzangu wanavyovaa mkufu wa dhahabu.

Mume wangu, Athumani, alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali. Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, akahamishiwa Garissa, nami nikamfuata. Watu wa kwetu Lamu waliniombea dua kana kwamba nimekwisha kufa. Tulisafiri na msafara wa malori ya jeshi, mavumbi mpaka kwenye kope, na tulipovuka daraja la Tana askari wakatukagua mpaka sufuria. Mji ulikuwa na kafyu. Jua likizama, kila mtu kwake. Ukionekana nje, ujieleze haraka.

Lakini ulikuwa na bwawa. Wakoloni walikuwa wamelijenga kwenye klabu ya maofisa, dogo, maji yake yakivutwa na pampu kutoka mtoni. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dawa ya kuyasafisha ilikuja na msafara, na msafara ulikuja ulipojaliwa. Ukitia mkono mpaka kiwiko, vidole huvioni. Mwezi wangu wa kwanza niliingia asubuhi nikakuta maji yamepungua hatua nzima na ngamia wawili wamesimama ukingoni, midomo inadondoka. Mchungaji wao akanisalimia kwa adabu na kuniambia maji ni mazuri, ila yana sabuni kidogo.

Klabu iliposikia najua kuogelea, ilinipa kazi ya kuwafundisha watoto wa wafanyakazi wa serikali. Walikuja, wakapiga miguu wakishikilia tyubu za Landrova, wakaenda zao. Sikuwa na mwogeleaji hata mmoja mpaka alipokuja Dahabo.

Dahabo alikuwa msichana wa Kisomali wa miaka kumi na moja hivi, mwembamba, miguu mirefu. Aliletwa na bibi yake, aliyekuwa akiuza maziwa jikoni mwa klabu. Huyo bibi mji mzima ulimwita Ayeeyo, yaani nyanya, hata mkuu wa wilaya. Wazazi wa mtoto walikuwa mbali kaskazini, upande wa Eldas, na mifugo. Walimwacha mjini asome, halafu barabara ikafungwa, na tangu hapo hakuwa amewaona wala kupata habari ya kuaminika. Ayeeyo aliniambia hayo baadaye. Siku ile niliona tu msichana amesimama akiyatazama maji, kisha akaingia na nguo zake zote.

Aliogelea. Jamani, aliogelea. Alikuwa amejifunzia kwenye vidimbwi vya kando ya mto pamoja na watoto wa wakulima wa huko, na alikuwa na mwendo wa mtu anayefukuzwa. Kila baada ya mkono mmoja au miwili kichwa kilitoka juu, kikageuka huku na huku, kikarudi. Na alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka peke yake, kwa sauti, katikati ya bwawa.

Nilimwita ukingoni. "Kwa nini unainua kichwa hivyo?"

"Naangalia mamba, Mwalimu."

"Humu hakuna mamba."

Akayatazama yale maji ya chai. "Chini haionekani," akasema. "Wewe umejuaje?"

Nikatia mkono majini, vidole sikuviona.

Mkuu wa wilaya alipomwona, akawaka kwa hamu. Nairobi kulikuwa na mashindano ya watoto wa shule kutoka kila mkoa, na mkoa wetu haukuwahi kupeleka mtu. Watu wa Nairobi walidhani huku kuna mchanga na risasi tu. Akanipa miezi michache ya kumwandaa. Nami kichwa kikanivimba. Nikajiona nimekuwa yule mama wa Mombasa.

Kafyu ilipoisha alfajiri, sisi tuko majini. Nilimpangia miguu peke yake, mikono peke yake, pumzi peke yake. Nilimkataza kupiga mbizi bila sababu. Nilimkataza kurusha maji. Nilimkataza kuzungumza na watoto wa tyubu, wasije wakamharibia umakini. Akicheka, napiga filimbi. Ayeeyo alikuwa akikaa kwenye kigoda chake, vibuyu vya maziwa miguuni, akitazama asichokipenda. Alikuwa ameruhusu kwa masharti mawili: yeye awepo kila mara, na mtoto afunikwe. Sharti la pili lilinisumbua, maana suruali na shati la pamba vikilowa vina uzito wa mbuzi. Mwishowe nilifumua miavuli miwili ya Athumani nikamshonea vazi jeusi la mikono mirefu, na kilemba chake. Lilikuwa jepesi na maji hayakulishika. Athumani alinyeshewa mwaka ule, ingawa Garissa mvua ni ya kubahatisha.

Wiki zikaenda. Mikono ya Dahabo ikanyooka, kichwa kikatulia, miguu ikawa kama propela. Na kila wiki alizidi kuwa mzito. Nilifikiri ni chakula, nikamwongezea mayai. Nilifikiri ni usingizi. Siku moja Ayeeyo akaniita kwenye kigoda chake.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake kisicho na p, "mimi nataka uliza kitu moja."

"Uliza, Ayeeyo."

"Hii mtoto, wewe nafundisha yeye kuogelea ama kuogoba?"

Nikamweleza habari ya nidhamu. Nikamweleza habari ya bingwa wa Uingereza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika kibuyu chake.

"Zamani nacheka," akasema. "Sasa naingia kwa maji kama mtu naenda ofisi."

Nilijiambia mzee wa watu anajua nini habari za mashindano, nikarudi kwenye filimbi yangu. Na filimbi ndiyo iliyotuponza.

Nyuma ya ukuta wa klabu kulikuwa kumehamia kikosi kipya cha askari. Mimi sikujua. Asubuhi ile Dahabo alichelewa kugeuka ukutani mara tatu, nami nikampigia tatu, fupi fupi, kali. Kumbe kwa wale mabwana hiyo ndiyo ishara ya kuvamiwa. Nilisikia buti, nikasikia vyuma, nikasikia sufuria ikianguka. Kisha lango likasukumwa taratibu na koplo mmoja akaingia akitambaa kwa tumbo, bunduki mbele, nusu ya shavu lake ikiwa bado na povu la kunyolea. Akatukuta: mimi, bibi mwenye vibuyu, na mtoto aliyevaa mwavuli.

"Nani amepiga filimbi?" akauliza akiwa palepale chini.

"Mimi."

"Adui yuko wapi?"

"Hakuna adui. Amechelewa kugeuka."

Koplo yule, Musyoka kwa jina, aliinuka akajipangusa. Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, nikaivua filimbi, akaitia mfukoni. Akasema nikiitaka niende kwa meja, na kwamba meja naye alikuwa chooni wakati ule, kwa hiyo nisiende upesi.

Kesho yake Dahabo hakuja. Wala keshokutwa yake.

Nikaenda kwao. Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba. Aliponiona akaingia ndani. Ayeeyo akanipa maziwa na kunikalisha mkekani.

"Ameogopa askari?" nikauliza.

"Askari nazoea sisi wote. Hii mtoto nachoka."

"Ayeeyo, anajua kuogelea kuliko mtu yeyote niliyemwona."

"Najua. Lakini sikiza, Mwalimu." Hapo akaacha utani. "Baba na mama haiko. Mimi sijui kama iko hai. Mahali moja tu hii mtoto nacheka, ndani ya ile maji chafu yako. Wewe nachukua hiyo, nabeleka Nairobi, narudisha kwangu nini? Kikombe?"

Niliyanywa maziwa yote. Nikamwambia basi kuanzia sasa tugawane: nusu ya asubuhi yangu, nusu yake, na nusu yake mtoto acheze anavyotaka. Akafikiri, akasema nusu ya kwanza ni yake.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Ayeeyo alipopewa nusu, aliichukua kama jirani anavyochukua mpaka wa shamba, kidogo kidogo. Wiki ya kwanza tulicheza asubuhi nzima. Watoto wa tyubu waliitwa, mbuzi mmoja akaogeshwa, Dahabo akashindana kutembea chini ya maji na mtoto wa mhandisi wa pampu. Nilipojaribu kuchukua nusu yangu nilikuta mwogeleaji amelegea kama ndizi iliyoiva, na akipiga mkono mmoja anageuka kuona wenzake wanafanya nini. Miguu ile ya propela ikawa ya bata.

"Ayeeyo," nikasema, "sasa hii nayo imezidi."

Akamtazama mjukuu wake akielea chali anakula tende. "Kweli," akasema. "Hata mimi naona hii ni harusi."

Na hapa ndipo penye ufundi, enyi makocha, kwa hiyo sikilizeni. Mtoto hahitaji mchezo upande huu na kazi upande ule kama nyama na wali kwenye sahani mbili. Tulikuja kugundua hivyo kwa bahati, kupitia Koplo Musyoka. Alikuwa mtu wa Machakos, hajui kuogelea, na baada ya ile asubuhi ya povu alianza kupita klabuni kila siku, eti anakagua ukuta. Mwishowe akakiri kuwa anataka kujifunza. Nikamwambia aje, lakini filimbi irudi. Akasema filimbi ni ya meja sasa. Basi nikamwingiza hivyo hivyo, maji kifuani, akashikilia ukingo kwa mikono yote miwili.

Dahabo akauliza, "Mwalimu, huyu anaweza kuwa mamba?"

Koplo akakubali kabla ya kuuliza mamba hufanya nini. Ulikuwa mchezo wao wa mtoni. Mamba anakaa upande mmoja karibu na ukuta. Wewe unaogelea mpaka pale, unagusa ukuta, unageuka na kukimbia kabla hajakushika mguu. Ukishikwa, wewe ndiye mamba. Koplo alinyoosha mkono wake mrefu kama mti, na Dahabo akaja, akagusa, akajikunja kama samaki na kuondoka. Koplo alishika maji. Miezi miwili nilikuwa nikimpigia filimbi ageuke namna ile.

Tangu siku hiyo nikawa nafanya kazi ya kutafuta michezo. Nikitaka pumzi ndefu, tunacheza kuvuka chini ya tumbo la koplo. Nikitaka miguu, wanashindana kumlowesha kwa teke. Kisha, moto ukishawaka, nasema sasa safari kumi za kweli, kimya, na anaziogelea kumi za kweli kwa sababu anajua mamba anarudi. Nikimwona anachoka, nanyamaza. Nikimwona anadanganya, Ayeeyo ananyamazisha wote kwa kikohozi kimoja. Mtoto akaanza kufika bwawani kabla yangu. Koplo, masikini, alipigwa mateke mpaka akajifunza kuelea.

Siku ya safari ikafika. Wakati ule mtu wa kule hakuvuka kizuizi cha daraja bila pasi, na mkuu wa wilaya akatoa pasi ya mtoto na ya mwalimu. Ayeeyo alifika darajani na kigoda chake. Askari akamwuliza pasi yake iko wapi.

"Basi yangu ni hii mtoto," akajibu, akapanda lori.

Walibishana mpaka Koplo Musyoka, aliyekuwa msindikizaji wa msafara, akasema yule ni nyanya yake. Askari akamtazama koplo, akamtazama Ayeeyo, akapandisha kizuizi.

Tulilala njiani kwa sababu ya tetesi za bomu lililotegwa mbele, na lori letu likakaa mpaka barabara ikapekuliwa. Hakuna aliyefanya utani saa zile. Dahabo alilala amemshika bibi yake ushungi.

Nairobi tukalikuta bwawa. Lilikuwa refu mara tatu ya letu, na maji yake yalikuwa safi. Katika matayarisho yangu yote hili sikuwa nimelifikiria. Dahabo alisogea ukingoni, akachungulia, akarudi nyuma.

"Mwalimu, chini iko mbali."

"Ndiyo vizuri. Unaona hakuna mamba."

"Naona nitaanguka," akasema.

Mbio ya kwanza ilikuwa urefu mmoja tu: toka huku, fika kule. Wakapanga mstari, bastola ikalia, na mtoto wangu akatoka kama mshale. Aliwapita wote. Nikaanza kumshika Ayeeyo bega. Lakini nikaona kichwa chake kimeganda vibaya, nikaelewa: amefumba macho. Hakutaka kukiona kile kina. Alikuwa anahesabu mikono yake, na hesabu aliyoijua ilikuwa ya bwawa la Garissa. Ilipofika mwisho, pale katikati ya maji, hakuna ukuta wala kamba, akajikunja ule mgeuko wake mzuri kuliko wote, akageuka, akarudi kwa kasi alikotoka. Akagusa ukuta. Akainua mkono juu.

Na kweli, alikuwa wa kwanza kugusa ukuta.

Bwawa zima likacheka. Ayeeyo akadhani ni shangwe, akasimama juu ya kigoda akapiga vigelegele vya Kisomali, na watu kwa kutojua wakamfuata. Dahabo alifungua macho, akawaona wenzake kule mbali, akazama mpaka puani.

Alijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo. Mbio ya pili, ya kwenda na kurudi, ilikuwa bado saa moja. Yule mwalimu wa filimbi ndani yangu alikuwa na hotuba tayari mdomoni. Nikaimeza. Nilimtoa kwa mkono mpaka kidimbwi cha watoto wadogo kilichokuwa pembeni, maji yake safi vilevile lakini ya magotini, nikamwomba koplo kifungo cha shaba cha koti lake.

"Mama, nitafungwa," akasema koplo. Lakini akakikata.

Nikakitupa majini. "Kitafute."

Kifungo hakitafutwi kwa macho yaliyofumbwa. Alikipata. Nikakitupa tena, mbali zaidi. Kisha tukahamia bwawa kubwa, upande wa kina kifupi, halafu kina cha kati. Koplo akatoa kifungo cha pili bila kuombwa. Mara ya mwisho Dahabo aliibuka na vyote viwili mdomoni, mashavu yamejaa, akajaribu kucheka, akanywa maji. Akakohoa, akacheka tena. Yule mama wa Mombasa alisema kweli, anayecheka hunywa maji. Alichosahau kuniambia ni kwamba maji hayo hayaui.

Mbio ya pili alitoka macho wazi. Alikuwa wa tano mpaka ukutani. Pale akajikunja, na alipoibuka alikuwa wa tatu. Watoto wa Nairobi walikuwa wamelishwa na kufundishwa kuliko sisi, na wawili wa mbele hawakukamatika, lakini hiyo nafasi ya tatu hakumwachia mtu. Aliishika kwa urefu wa kiganja.

Mgeni wa heshima akawapa washindi zawadi. Dahabo akapewa vazi jipya la kuogelea, jekundu, lisilo na mikono wala miguu. Akampa Ayeeyo. Ayeeyo akalifungua, akalinyoosha juu kwa vidole viwili, akaligeuza mbele na nyuma, kisha akatazama ndani ya karatasi iliyokuja nalo.

"Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "ile ingine iko wabi?"

Nikamwambia ni hiyo tu. Akalikunja kwa heshima. Nyumbani alilishona kuwa vifuniko vya vibuyu, na nasikia maziwa hayakumwagika tena.

Tulirudi Garissa usiku umeshaingia, kwa kibali cha msafara. Nilimwambia Dahabo apumzike wiki nzima, na mimi nilikusudia kulala mpaka jua likae utosini. Lakini mazoea ni mazoea. Kafyu ilipokwisha macho yakanifumbuka, nikajikuta naelekea klabuni. Nje ya lango nikasikia maji.

Ayeeyo alikuwa kwenye kigoda chake, anasinzia jicho moja. Koplo alikuwa ndani, koti lake lisilo na vifungo viwili likining'inia ukutani. Na Dahabo alikuwa anakwenda na kurudi, kichwa kimetulia, mkono mrefu, kisha ghafla anazama, anaibukia kwingine, anarusha maji, anarudi kwenye mwendo wake. Hakuna aliyemwita. Nilisimama nikamtazama mpaka alipofika ukingoni kuvuta pumzi.

"Dahabo," nikamwuliza, "unafanya mazoezi au unacheza?"

Alifuta maji usoni akalifikiria swali langu kwa dhati, kama mtoto wa shule aliyeulizwa hesabu.

"Sijui, Mwalimu," akasema, akasukuma ukuta kwa miguu na kwenda.